Wimbo Uliokatwa Vipande Viwili: Kuandaa Flashi ya Muziki kwa Televisheni

Mpenzi wa zilipendwa anajua kwamba nyimbo nyingi za rumba na benga zilizotoka Nairobi na Kinshasa miaka ya 1970 zimetufikia zikiwa vipande viwili. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilibeba dakika nne au tano hivi kila upande, na bendi za enzi hizo zilikuwa zikipiga wimbo mmoja dakika nane, tisa. Ikabidi wimbo ukatwe: mara nyingi mashairi upande wa kwanza, sebene upande wa pili. Waliozihamishia santuri hizo kwenye kompyuta waliziacha vivyo hivyo, faili la sehemu ya kwanza na faili la sehemu ya pili. Ukizitia kwenye flashi bila mpango na kuichomeka nyuma ya televisheni, sebene linaweza kulia kabla mwimbaji hajafungua kinywa, kisha katikati yao ikapita taarabu ya robo saa.

Niliandaa flashi ya namna hii kwa televisheni ya sebuleni iliyounganishwa na sabufa, na kazi hiyo imenithibitishia jambo moja. Watu hubishana sana juu ya ubora wa sauti, ilhali kinachoamua kama flashi itasikilizika ni mpangilio wa mafaili. Televisheni haijui wimbo wala albamu. Inajua kusoma orodha, na wajibu wa mwandaaji ni kuiandika orodha hiyo vizuri.

Kufomati ni jambo la dakika chache, sitakawia hapo. Karibu kila televisheni yenye tundu la USB inasoma FAT32, mfumo wa mafaili uliotolewa na Microsoft mwaka 1996. NTFS na exFAT zinasomwa na televisheni nyingi za sasa lakini si zote, na flashi ya muziki husafiri: leo iko sebuleni, kesho kwa jirani, keshokutwa kwenye redio ya gari. FAT32 haikubali faili moja lifike gigabaiti 4, kikwazo kwa mwenye filamu ila si kwa mwenye nyimbo. Wimbo wa dakika tano uliobanwa kwa kilobiti 192 kwa sekunde una megabaiti 7.2, kwa hiyo flashi ya gigabaiti 32 inameza nyimbo zaidi ya 4,000. Nyingi zilizo kubwa kuliko hiyo huja kutoka dukani zikiwa na exFAT, na dirisha la kufomati la Windows kwa miaka mingi limekataa kuzigeuza kuwa FAT32 ingawa mfumo wenyewe unaweza. Na kama flashi umeinunua kwa mchuuzi, ijaribu kwanza kwa programu kama H2testw. Zimejaa mitaani zilizoandikwa gigabaiti 64 au 128 wakati chipu ya ndani ni ndogo mno. Nyimbo za mwanzo zinapiga, zinazofuata zinaonekana kwa majina tu.

Sasa tuje kwenye orodha yenyewe. Ukifungua folda kwenye kompyuta unaona majina yamejipanga kwa alfabeti, na ni rahisi kuamini kwamba ndivyo yalivyokaa ndani ya flashi. Sivyo. Kompyuta imeyapanga kwa ajili ya macho yako. Ndani ya FAT32 kila folda ni orodha ya mistari, kila mstari una baiti 32, na kwenye flashi mpya mistari hiyo inafuatana kwa jinsi mafaili yalivyoandikwa: lililotangulia kuingia ndilo liko juu. Baadhi ya televisheni, hasa za bei nafuu na za zamani kidogo, pamoja na redio nyingi za magari, hazipangi chochote. Zinashuka na orodha kutoka juu hadi chini na kupiga kama zilivyokuta. Nyingine hupanga kwa majina. Ndiyo maana flashi ileile hupiga kwa mfuatano huu kwako na mfuatano mwingine kwa shemeji.

Kufuta na kuongeza ndiko kunakovuruga zaidi. Ukifuta wimbo, FAT32 haiuondoi mstari wake. Inabadilisha baiti ya kwanza tu kuonyesha kwamba nafasi iko wazi, na wimbo mpya unaweza kuandikwa humohumo. Ni kama daftari la mahudhurio ambamo mwanafunzi akihama, jina la mgeni linaandikwa kwenye mstari wake, katikati ya wenyeji. Tena majina marefu hula mistari mingi. Kila mstari wa jina refu unabeba herufi 13, kwa hiyo jina la herufi 40 linahitaji mistari minne, na mmoja zaidi wa faili lenyewe. Nafasi iliyoachwa na jina fupi hailitoshi jina refu, nalo linatafutiwa mahali kwingine au kupelekwa mwisho. Mtu anayefuta na kuongeza nyimbo kila wiki huishia na mpangilio usiofuata tarehe wala alfabeti, akadhani televisheni imeharibika. Televisheni ni nzima, inasoma kilichoandikwa.

Kwa kuwa hujui flashi itakutana na televisheni ya aina gani, inabidi kuziandalia aina zote mbili. Nilijenga kwanza mkusanyiko wote kwenye kompyuta, kila faili likianza na namba ya tarakimu tatu: 001, 002, na kuendelea. Sifuri za mbele zina kazi. Kifaa kinacholinganisha majina herufi kwa herufi huiweka 10 kabla ya 2, kwa sababu kinaanza na ile 1. Baada ya hapo nikaifomati flashi upya na kunakili folda moja baada ya nyingine, kwa kufuata namba. Kuchagua mafaili yote na kuyavuta kwa kipanya hakutoshi, maana kompyuta haiahidi kuanza na la kwanza. Kwenye Linux, amri ya cp ikipewa *.mp3 hupokea majina yakiwa yamekwisha kupangwa. Ipo pia programu ndogo iitwayo FATSort, ambayo huingia kwenye orodha ya flashi na kuipanga upya mistari bila kugusa nyimbo zenyewe. Naipendekeza kwa mtu yeyote mwenye flashi iliyojaa ambaye hataki kuanza upya, mradi aiendeshe tena kila anapoongeza kitu.

Vipi kuhusu kuziunganisha sehemu mbili za wimbo ziwe faili moja? Nilifanya hivyo kwa baadhi tu. Faili la MP3 limegawanyika katika vipande vidogo vya sampuli 1,152 kila kimoja, na programu inayobana sauti huongeza ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni ili kukamilisha vipande. Televisheni nayo hukawia kidogo inapohama kutoka faili hadi faili. Kwa hiyo hata mpangilio ukiwa sahihi, kati ya mashairi na sebene kutakuwa na pengo. Pale santuri ilipokatwa kwa mkato safi, kuunganisha kwa Audacity kunaurudishia wimbo uhai wake, na ni raha kubwa kuusikia ukienda moja kwa moja kama bendi ilivyoupiga. Lakini nyimbo nyingi sauti hufifia mwisho wa upande wa kwanza na kupanda tena mwanzo wa wa pili. Hizo nimeziacha, zifuatane tu kwa namba. Kuzilazimisha ni kutengeneza wimbo ambao haukuwahi kupigwa hivyo. Na unapounganisha, tumia nakala ya WAV au FLAC kama unayo, kwa sababu MP3 inayofunguliwa na kubanwa mara ya pili hupoteza kitu.

Hilo linanipeleka kwenye kosa la kubadilisha jina. Nyimbo nyingi zinazozunguka kwenye simu zimebanwa kwa AAC ndani ya faili la m4a. Mtu anasikia kwamba televisheni yake inataka MP3, anafuta m4a mwishoni mwa jina na kuandika mp3. Simu inaendelea kuupiga wimbo kwa sababu huchungulia ndani: faili la m4a lina herufi ftyp kuanzia baiti ya tano, na MP3 haina. Televisheni inayoamini jina pekee hujaribu kulisoma kama MP3, inashindwa, inaandika kwamba faili halitambuliki. Faili linapaswa kugeuzwa kweli, kwa ffmpeg au programu nyingine, mara moja tu, kwa kilobiti 192 au 256 kwa sekunde. Kupanda hadi 320 hakurudishi sauti iliyokwisha kupotea.

Majina nayo yanahitaji uangalifu. Alama ya ritifaa katika ng' ina sura mbili kwenye kompyuta, iliyonyooka na iliyopinda. Iliyonyooka husomwa kila mahali. Iliyopinda baadhi ya televisheni huigeuza kijisanduku, na vivyo hivyo herufi zenye alama juu kama katika Orchestre Vévé. Kwenye majina ya mafaili nimetumia herufi za kawaida tu. Anayetumia kompyuta ya Apple atakuta pia vijifaili vinavyoanza na nukta na mstari wa chini, kimoja kando ya kila wimbo. Kompyuta yake inavificha, televisheni inaweza kuvionyesha kama nyimbo zisizopiga. Amri ya dot_clean inavisafisha.

Sauti kubwa na ndogo ndilo jambo la mwisho. Rekodi ya santuri ikifuatwa na wimbo wa studio ya leo, sabufa inashtua nyumba nzima. Baadhi ya programu za simu husoma alama ya kiwango cha sauti iliyoambatishwa kwenye faili, lakini televisheni kwa kawaida huipuuza. MP3Gain hufanya kazi kwa njia nyingine: hubadilisha kiwango kilichoandikwa ndani ya kila kipande cha MP3, kwa hatua za desibeli 1.5, bila kubana upya, kwa hiyo ubora haupungui. Iendeshe kwenye kompyuta, wala si kwenye flashi. Programu nyingi za kuhariri huandika faili jipya na kufuta la zamani, na faili jipya huenda likapata mstari mwingine kwenye orodha. Flashi iandikwe mwisho, mara moja, kila kitu kikiwa tayari, kisha itolewe kwa utaratibu wa kompyuta kabla ya kuchomolewa, kwa maana FAT32 haina kumbukumbu ya kuirekebisha orodha iliyokatizwa ikiandikwa.