Bibliyoteki ya nani?

Tunapenda kusema Bukavu haikose bibliyoteki. Ni kweli: ISP iko nayo, UCB iko nayo, UOB pia, tena kampasi yake ya Karhale iko humu humu Kadutu. Lakini hizo zilijengwa kwa masomo ya chuo. Finalisti wa sekondari anayetayarisha egzetat katika nyumba ya chumba kimoja, umeme umekatika; mama wa soko ya Kadutu; fundi wa motere: hao wanaingia kwa mlango gani?

Tuangalie Nairobi. Kaloleni ni mtaa ambao wakoloni walijengea wafanyakazi Waafrika, karibu sawa na Kadutu yetu. Uko na tawi la maktaba ya McMillan, ile iliyofunguliwa 1931 kwa Wazungu tu. Jengo la Kaloleni ni dogo kabisa, lakini batoto wa mtaa wanasomea pale.

Sisi wenye diploma tunaacha vitabu vyetu vioze ndani ya karto, halafu tunalaumu Serikali (nayo inastahili, sikatai). Kwa Kadutu ningeanza na chumba kimoja, meza, taa ya sola. Kifunguliwe jioni na siku ya posho, wakati batu wako huru. Vitabu vitafuata.