Mali Bila Daftari: Kuzisoma Upya Barua za Shaaban Robert



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuwapa wenye maduka. Leo naomba kuwapa waandishi, hasa sisi wa ughaibuni tunaojichapishia vitabu, kwa kukipitia upya kitabu ambacho baadhi yetu tunacho kabatini: Barua za Shaaban Robert 1931-1958, kilichotolewa na TUKI, Dar es Salaam, mwaka 2002.

Barua hizo aliandikiwa mdogo wake, Yusuf Ulenge. Kwa kawaida husomwa kutafuta maisha ya mshairi: familia, kazi, fedha, adha za ukoloni. Sina ugomvi na usomaji huo. Lakini mimi ni mhandisi, na jicho langu limenasa jambo jingine. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali tangu 1926, kwanza forodhani, mwishoni idara ya upimaji ardhi. Mtu wa kazi hiyo anajua thamani ya tarehe, nakala na faili. Wachapishaji wake walikuwa mbali, Afrika Kusini na Uingereza. Baadaye akaona heri ajitegemee. Masomo Yenye Adili kikatoka Tanga kwa jina la Art and Literature, mradi wake mwenyewe.

Je, utaratibu ulimwokoa? Nusu tu. Kufikirika alikiandika 1946, kikachapwa 1967, miaka mitano baada ya kufariki. Utubora Mkulima kikafuata 1968. Kwa hiyo anayesema kwamba nidhamu ya mwandishi inatosha kutoa kitabu anatudanganya. Nidhamu haikumpa mtambo wala soko. Ilichowaachia waliobaki ni miswada iliyokamilika, ambayo wengine waliweza kuichapa bila yeye kuwapo kuwaeleza alikusudia nini.

Na barua zenyewe? Zimetufikia kwa sababu aliyezipokea alizitunza. Daftari la Shaaban Robert lilikuwa na mkono wa pili. Hapo ndipo neno "mwenyewe" linapotupoteza: kuchapisha mwenyewe si kuchapisha peke yako.

Tazameni vitabu vinavyouzwa kwenye sherehe zetu hapa Wembley. Vingine ni vizuri kweli. Diwani moja niliyonunua ina beti za kumtoa mtu machozi, lakini haina mwaka, haina mji, haina ISBN, na shairi moja limechapwa mara mbili, mara ya pili mistari imebadilika. Mhakiki anukuu lipi? Wengine wataliita kosa la ukarani. Mimi naliita kosa la utunzi, maana kuamua lipi ndilo shairi lenyewe ni kazi ya mshairi, na hakuamua.

Dawa yake haina ufundi mkubwa. Daftari moja, la karatasi au la kompyuta: toleo la ngapi, tarehe gani, nani amesoma, nani amesahihisha, nakala ngapi zimechapwa, ngapi zimeuzwa, ngapi zimegawiwa jamaa. Kila toleo jipya la muswada lipewe tarehe katika jina la faili, na la zamani liwekwe kando, lisifutwe. ISBN, yenye tarakimu 13 tangu 2007, iandikwe humo pia. Kitabu cha karatasi kina yake na cha kielektroniki kina yake. Hapa Uingereza hununuliwa Nielsen, na Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba.

Tena kuna sheria ya mwaka 2003: anayechapisha kitabu cha karatasi Uingereza hupeleka nakala moja British Library ndani ya mwezi mmoja, kwa gharama yake. Anayejichapishia ndiye mchapishaji, kwa hiyo inamhusu. Wapo wanaoona ni usumbufu. Mimi naona kwamba kwa bei ya stempu unapata Yusuf Ulenge wako, atakayekutunzia kitabu hata wajukuu wasiojua Kiswahili wakihama nyumba na kutupa maboksi.

Mwenye muswada kwenye droo ya jikoni, na nawajua wawili watatu, wiki hii atoe nakala, aandike tarehe juu yake, ampe mtu mmoja anayemwamini. Uhakiki utafuata.

Wasalaam.