Mauaji mawili yanayofichua siasa za Jean Renoir

Wapo wahakiki wanaompasua mwelekezi wa filamu Mfaransa, Jean Renoir, vipande viwili. Kuna Renoir wa 1936, aliyesimamia La vie est à nous, filamu ya kampeni ya Chama cha Kikomunisti. Kisha yupo Renoir wa baadaye, bwana mpole asiyemlaumu yeyote. Sikubaliani nao, ingawa The River (1951) inawapa hoja. Aliitengenezea India, miaka michache tu baada ya Mwingereza kuondoka, na suala la ukoloni karibu haligusi! Hapo sina utetezi.

Lakini hebu tutazame mauaji mawili.

Katika Le Crime de Monsieur Lange (1936), Batala, tapeli mwenye kampuni ya uchapishaji, anawatoroka wadeni wake na kudhaniwa amekufa. Wafanyakazi wanaunda ushirika, kazi inanoga. Kumbe jamaa yu hai! Anarudi amevaa kanzu ya padri, anadai mali yake, na Lange, mwandishi mnyonge wa hadithi za kauboi, anampiga risasi. Nani anamhukumu Lange? Si korti. Ni watu wa kawaida katika hoteli ndogo mpakani. Wanasimuliwa kisa chote bila kufichwa kitu, kisha wanamwacha avuke.

Sasa njoo kwenye La Règle du jeu (1939). Katika kasri la mabwanyenye, mlinzi wa msitu anamuua rubani akimdhania mtu mwingine. Mwenye kasri anawatuliza wageni: ni ajali tu, mlinzi alidhani ameona mwindaji haramu, na kumpiga risasi ni haki yake. Ati haki yake! Hakuna anayeuliza swali. Wageni wanarudi ndani.

Maskini walipewa ukweli wakaupima. Matajiri wamepewa uongo wakashukuru. Hizo ni siasa, tena kali kuliko kaulimbiu za 1936. Paris iliizomea filamu hiyo ilipozinduliwa Julai, na kabla ya mwaka kwisha serikali ikaipiga marufuku.

Huyo bwana mpole hakujisamehe pia. Renoir mwenyewe ndiye anayeigiza Octave, rafiki wa kila mtu pale kasrini. Na koti alilovaa rubani anapouawa ni la Octave, aliyempa kwa mkono wake mwenyewe.