Ashaliwa au hajaliwa?

Juzi nikiwa Nanighi, kando ya Mto Tana, nilimwonyesha mjukuu wa mwenyeji wangu picha kwenye simu. Mwanamke ameegemea nguzo, chui yu karibu naye, askari amesimama kivulini. Kijana akauliza, "Babu, ashaliwa huyu?" Nikamjibu bado, hajaliwa. "Basi iondoe. Inatisha!"

Hilo ni jalada la Frank Frazetta, la rangi za mafuta, lililobeba toleo la 23 la Eerie, jarida la Marekani la vibonzo vya kutisha, mwaka 1969. Mchoro wenyewe uliuzwa dola milioni 5.4 mwaka 2019. Hauna hata tone la damu.

Swali la kijana lilikuwa la kisarufi, ingawa hakujua. Tukisema "hakuliwa", habari imekwisha. "Hajaliwa" je? Hapo kiambishi -ja- kinatuambia tendo halijatukia na bado laweza kutukia. Lugha nyingine hulazimika kuongeza neno zima ili kuibeba hofu hiyo. Sisi twaibeba kwa silabi moja. Jalada zuri la kutisha huchorwa katika hali hiyo ya -ja-.

Sasa tazama jalada la Johnny Craig, Crime SuspenStories namba 22: mwanamume kashika shoka mkono huu, mkono ule kichwa cha mwanamke. Mwaka 1954 Seneta Kefauver alimhoji mchapishaji, William Gaines, kulihusu, na mwaka huohuo wachapishaji wakajiwekea kanuni zilizoviua vibonzo vya aina hiyo. Mimi si shabiki wa marufuku. Kosa la jalada lile, kwangu, ni la kisanaa: amekatwa, basi. Hiyo ni -me-. Linachukiza kuliko linavyotisha.

Wachoraji wa mitaani wa Kongo wana picha yao mashuhuri, inakale: mtu kakwama mtini, nyoka yuko tawini, simba chini, mamba majini. Hakuna aliyemgusa. (Watu wa Tana, mamba hamhitaji kuelezwa.)

Ndiyo maana hunikera mswada wa hadithi ya majini, wenye taharuki tele, unapovishwa jalada lenye fuvu na damu. Mwandishi kahangaika kurasa mia kuficha nani atakufa, halafu mchoraji anatuonyesha maiti mlangoni!

Jioni kijana alirudi. Alitaka kuiona tena picha, eti ahakikishe kama yule mwanamke bado yupo.