Mwili wa Kuazima

Katika Yellow Fever, filamu fupi ya Ng'endo Mukii ya 2012, kuna mtoto wa kike wa familia yake anayeongea kuhusu ngozi. Anasema bila kusita: angependa kuwa Mmarekani, na angependa kuwa mweupe. Sauti yake haina huzuni hata kidogo. Anaongea vile mtoto huongea akikuambia anataka baiskeli. Nimeitazama filamu hii mara nyingi, na kila mara kinachonikaba si jibu lake. Ni ile furaha.

Juzi niliirudia kwa sababu ya kazi. Tangu niache chuo, mimi huandika kwa vipande: leo maelezo ya app ya mikopo, kesho tangazo la shamba Moiben. Mteja mmoja alitaka maneno ya kuuza mradi wa afya ya akili kwa VR, ile miwani kubwa inayofunika macho yote na kukuweka ndani ya ulimwengu wa kompyuta. Kwa maelezo yake, mtu anayeuchukia mwili wake atavaa miwani, atajiona katika mwili mwingine, kisha akiivua ataupenda wake. Aliniomba sentensi moja tu. Mimi nikasoma wiki mbili. Na nilivyozidi kusoma, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba filamu ya dakika kama saba ilikuwa imelielewa tatizo kuliko miwani.

Lakini tuipe miwani haki yake kwanza, juu hii si uganga. Mwaka 1998 Matthew Botvinick na Jonathan Cohen walichapisha jaribio dogo la ajabu. Unaficha mkono wa mtu, unaweka mkono wa mpira mbele ya macho yake, kisha unaipapasa yote miwili kwa brashi kwa wakati mmoja. Baada ya muda mfupi mtu anahisi ule wa mpira ndio wake. Ubongo wetu, manze, ni mpangaji asiye na shida: ukimwonyesha nyumba nyingine anahamia.

Miaka hiyo hiyo ya 1990 huko Italia, mwanasaikolojia Giuseppe Riva alikuwa tayari anatumia VR na watu wenye matatizo ya kula. Ndani ya ulimwengu wake kulikuwa na milango ya upana tofauti, na mgonjwa alitakiwa kuchagua mlango unaomtosha. Fikiria hilo. Umeamini miaka yote kwamba wewe ni mpana kama lori, halafu unasimama mbele ya mlango na inabidi uamue.

Mwaka 2016, Anouk Keizer na wenzake huko Utrecht, Uholanzi, walifanya kazi na wanawake wenye anoreksia, ule ugonjwa wa kujinyima chakula hadi mwili uishe. Kupitia miwani wakawapa mwili wenye uzito wa afya, wakawapapasa tumbo sambamba na walichokuwa wanaona. Wanawake wakaanza kuukadiria mwili wao halisi karibu zaidi na ukweli, na badiliko hilo lilikuwa bado lipo zaidi ya saa mbili baadaye. Saa mbili na kitu ni matatu kutoka hapa Eldoret hadi Nakuru. Unaweza kuzidharau kama hujawahi kushinda siku nzima vitani na tumbo lako. Mimi sizidharau.

Shida yangu inaanzia kwa utafiti mwingine. Mwaka 2018, Simone Mölbert na wenzake wa Tübingen, Ujerumani, walichapisha matokeo ya kupima wanawake kwa skana, kutengeneza avata zenye maumbo yao halisi, kisha kuwauliza: huyu ni wewe? Wenye anoreksia walijitambua vizuri tu, kwa usahihi unaokaribiana na wa wanawake wengine. Tofauti kubwa ilitokea walipoulizwa mwili wanaoutaka. Walitaka mwembamba zaidi. Yaani jicho lilikuwa sawa. Kilichopinda ni tamaa.

Sasa rudi kwa yule mtoto wa Mukii. Hajakosea rangi yake. Anaijua vizuri, na anajua pia inalipwa nini na dunia anayoiona kwa TV. Ukimvalisha miwani ya kumwonyesha alivyo kweli, utakuwa umemwambia kitu alichokijua kabla yako.

Na tamaa haizaliwi na mtu, hufika. Huko Fiji, katika mkoa wa Nadroga, televisheni ilifika 1995. Mtafiti Anne Becker aliwapima wasichana wa shule wakati huo, na tena 1998. Mwanzoni hakuna aliyesema anajitapisha ili apunguze mwili. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Kioo cha nyumbani kilikuwa kile kile. Kilichoongezeka ni skrini sebuleni.

Huku kwetu hesabu ni ngumu zaidi, juu tamaa zimefika nyingi na zinagombana. Mwaka 1985 jarida la Lancet lilichapisha ripoti ya madaktari kuhusu ugonjwa mpya Uganda, ambao watu wa Rakai waliuita “slim”. Ulikuwa UKIMWI. Kwa kizazi cha wazazi wetu, kukonda kulikuwa habari mbaya inayotembea kwa miguu. Ndiyo maana shangazi anakupokea mlangoni na “Umenenepa!” huku akicheka kwa furaha. Anakupongeza. Anakuambia uko hai. Wewe umekaa wiki mbili ukiepa ugali, na hiyo pongezi inakuchoma kama mafuta ya chapati.

Halafu kuna Eldoret yenyewe. Hapa mwili mwembamba ni CV. Asubuhi barabara ya Iten imejaa watu ambao miili yao ndiyo kiwanda chao, na gramu moja inahesabiwa kama hela. Mimi niko na kilo zangu. Nikiwaambia watu wa Nairobi natoka Eldoret, huangalia mapaja yangu kwanza, ndiyo waulize kama nakimbia. Kwa hivyo ndani ya wiki moja shangazi anataka nyama, kocha anataka mifupa, na simu inataka kiuno cha nyigu na makalio ya kukopa. Mteja wangu aliandika kwamba mgonjwa atapewa “mwili wa kawaida”. Kawaida ya nani kati ya hao watatu?

Nilienda kujionea. Kuna mahali pa gemu hapa mjini, ghorofani, ambapo shilingi mia mbili hukupa dakika kumi ndani ya miwani. Kabla ya kucheza unatengeneza avata. Nikapata mstari wa rangi za ngozi, kutoka maziwa hadi kahawa. Nikasogea hadi mwisho, palipo na mimi. Ngozi ikakaa kama plastiki, mwanga wa mle ndani haukujua la kufanya nayo. Kijana wa pale, ambaye alikuwa anaona kila kitu kwa skrini ya nje, akaniambia kwa upole kabisa, “Sistee, weka ile ya tatu. Hiyo haitaonekana.”

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mweusi kuniliko. Alinishauri vile mtu hukushauri usipite njia yenye matope. Hapo nikaelewa kwamba yule anayeniambia nijichubue hakuwa ndani ya miwani. Alikuwa amesimama kando yangu, na hakuna avata ingemtoa.

Kuna jaribio linaloonyesha hili kwa kinyume. Mwaka 2013 Tabitha Peck, Mel Slater na wenzao, Barcelona, waliwapa wanawake wa ngozi nyeupe mwili mweusi ndani ya VR, na baadaye ubaguzi wao wa ndani, ule ambao mtu hata hajui anao, ukapungua. Ni kazi ninayoiheshimu. Lakini angalia mpangilio wake: mwili mweusi unavaliwa, unafundisha, unarudishwa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi nikivua miwani nashuka ngazi na mwili ule ule hadi Oloo Street, na hakuna aliyepewa dakika kumi za kujifunza kuniangalia.

Yellow Fever inafanya kazi kutoka upande huo wa pili. Fela Kuti alitumia jina hilo hilo 1976 kwa wimbo wa kuwashambulia wanawake wanaojichubua. Mukii hachukui fimbo. Anachanganya michoro na miili halisi ya wachezaji, na anaifanya miili hiyo itembee kwa kukatika-katika, fremu kwa fremu, kana kwamba ngozi ni nguo inayobana. Hakuna anayeeleza kwamba kujichukia kunauma, unakuona kukisukuma mabega. Halafu anakuonyesha kunakotoka: picha za skrini, matangazo, sauti za nyumbani. Haulizi “unajionaje?” Anauliza nani alikufundisha kuona. Hilo ndilo swali ambalo tafiti zote za milango na tumbo la kupapaswa zinaliacha nje ya chumba.

Siyo kwamba filamu haina kasoro. Mwanamke wa mkorogo, aliyekuwa akisuka nywele, tunampata kupitia kumbukumbu ya msanii, lakini yeye mwenyewe hatumsikii akijieleza. Nilitaka kujua alilipwa nini na ule weupe. Pengine ulimletea wateja. Pengine ulimpa mume. Ukimwondolea mtu cream bila kujua ilikuwa inamlipia nini, umemwachia deni tu.

Kinachonivutia ni kwamba Mukii anaijua VR. Mwaka 2017 alitoa Nairobi Berries, filamu ya VR kuhusu Nairobi. Alipopata chombo kinachoweza kukupa mwili wowote, alikupa jiji. Katika filamu nyingi za aina hiyo ukiangalia chini huoni miguu yako. Kuna watu hilo huwasumbua. Mimi nadhani kwa msichana aliyechoka kutazamwa, kukaa mahali dakika chache bila kuwa na umbo ni mapumziko halali.

Kwa hivyo sisemi miwani itupwe. Meta Quest 3S ilitoka 2024 kwa karibu dola 300. Hospitali kama Moi Teaching and Referral hapa Eldoret hupokea watu kutoka Magharibi yote ya Kenya, na sioni kwa nini chombo kama hiki kisiwafikie. Lakini kijengwe na watu wanaojua shangazi anasema nini mlangoni. VR tayari hutumika kumzoesha mtu kitu anachoogopa, kidogo kidogo, mtaalamu akiwa kando. Basi niweke ndani ya matatu, manamba akinitania mbele ya abiria. Niweke mbele ya meza ya usaili ambapo msichana mweupe ameitwa kabla yangu. Niweke sebuleni siku ya ruracio, halafu nijaribu jibu, nishindwe, nijaribu tena, na nikivua miwani pawe na mtu aliyesomea hii kazi wa kuongea naye, si risiti ya M-Pesa. Na kama pesa zinatosha kitu kimoja tu, ziende kwa huyo mtu.

Yule mtoto wa 2012 sasa ni mtu mzima. Cream anaweza kujinunulia, na miwani pia. Sijui alichagua nini, na si haki yangu kujua. Lakini wako wengi wa umri ule leo, na hawahitaji wiki mbili za kusoma. Tafuta Yellow Fever, itazame na mmoja wao, na akishamaliza kusema anachotaka, usimrekebishe. Muulize alikisikia wapi.