Ghala na Mwenye Ufunguo

Karibu na Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi ya taifa, umesimama mkwaju ambao wenyeji wanaamini ni makao ya roho ya Katabi, mwindaji mashuhuri wa kale. Watu huacha sadaka shinani mwake. Picha ya mti ule yeyote aweza kuipiga. Je, maneno yanayosemwa pale nayo ni ya kila mtu?

Swali hili nawauliza mafundi wa kompyuta wanaotaka kuhifadhi mila zetu. Tanzania iliridhia mwaka 2011 mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi usioshikika. Jambo jema, ila kulinda si kukusanya tu.

Wapo waliofanya vizuri. Mwaka 2008 Shirika la Miliki Ubunifu Duniani liliwawezesha Wamasai wawili wa Il Ngwesi, Laikipia, pamoja na mtumishi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwenda Marekani kujifunza kurekodi na kutunza kumbukumbu. Baadaye jamii ile ikapewa vyombo vyake. Kinasa sauti kikawa mkononi mwa mwenye sauti. Programu ya Mukurtu, iliyoanzia kwa Wawarumungu wa Australia, imepiga hatua zaidi: jamii yenyewe hupanga nani aone nini, kwa kufuata desturi zake.

Nasifu, lakini dosari naiona. Kompyuta humtambua mtu kwa jina na neno la siri. Mzee humtambua kwa ukomavu wake, na kwa namna alivyoketi kusikiliza. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Nasema haya kwa uchungu. Zamani niliwaagiza wanachuo wangu waandike ngano za kwao. Kijana mmoja Mpimbwe akaleta karatasi tupu. "Shikamoo Mwalimu. Babu amekataa. Anasema ngano haisimuliwi mchana, na anayeitaka aje mwenyewe usiku." Nikampa sifuri. Babu yule alifariki kabla mjukuu hajahitimu, nami sikuwa nimekwenda.

Kwa hiyo sisemi mashine zisije. Wazee wanaondoka, na ukimya nao hupoteza. Nasema mbunifu aanze kwa kuketi nao usiku, aulize ufunguo ashike nani, na akifa aurithi nani. Kijana yule aliniletea sharti hilo. Aliyestahili sifuri ni mimi.