Upande Mbaya wa Msalaba

Msalaba wa shaba wa Katanga, uliowahi kuwa fedha, una pande mbili, na anayeujua huanza kuuangalia upande mbaya. Upande mzuri ni ule uliolala chini ndani ya kalibu. Katika misalaba mingi mikubwa, upande huo una mwinuko unaopita katikati ya kila mkono hadi nchani. Upande wa pili ulitazama juu, wazi, shaba ikiwa bado ya moto. Una vishimo vya mapovu, mikunjo, na pengine ukingo uliofurika pale mmiminaji alipozidisha kidogo. Wauzaji wengi huugeuza uso huo chini. Mimi huomba waugeuze tena, maana humo ndimo mkono wa mtu ulimobaki.

Kasumbalesa ni shule nzuri ya kuangalia fedha. Hapa mpakani, kati ya barabara ya Lubumbashi na ile ya Chililabombwe upande wa Zambia, wakambiste, wabadilishaji fedha, hukaa mezani na mafungu ya falanga, kwacha na dola, na vidole vyao vinajua kazi kuliko macho. Dola yenye mpasuko mdogo tu pembeni inarudishwa kwa mwenyewe bila maneno mengi. Lakini sarafu ya chuma huioni kwenye meza hizo. Kongo leo tunalipana kwa noti. Sarafu zilimezwa na kupanda kwa bei, nasi tukabaki kuita pesa makuta hata baada ya makuta yenyewe kukosa thamani. Kwa hiyo anayetafuta sarafu hapa ameshaingia kwa wauza vitu vya kale, atake asitake.

Akiwa na subira atapata vitu vya kupendeza. Kuna vipande vya shaba vya mwaka 1887, vya Dola Huru la Kongo la Léopold II, vyenye tundu katikati na nyota. Kuna falanga mbili za mwaka 1943 zenye pembe sita na tembo, zilizopigwa Philadelphia kwa sababu Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Kuna sengi na makuta za mwaka 1967. Na kutoka ng'ambo ya mpaka huja peni ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, nayo ina tundu, na tembo wawili wamesimama kulilinda. Nazipenda zote. Ila zote zilipigwa na mashine katika nchi za mbali. Msalaba ni fedha iliyotengenezwa papa hapa, na kila mmoja ulimiminwa peke yake.

Kazi ilianza mvua zikishakwisha na mavuno yakiwa ghalani, kama mwezi wa tano. Watu walikwenda vilimani kutafuta malakiti, lile jiwe la kijani ambalo mafundi wa Lubumbashi bado wanalichonga kuwa shanga na sanamu. Walilichimba kwenye mashimo ya wazi, wakalipondaponda na kulichagua, jiwe tupu likatupwa. Wengine walikata miti na kuchoma makaa. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, chaguo ambalo kwangu ni alama ya akili kubwa: mchwa wameshaupepeta udongo huo na kuushikamanisha, nao unavumilia moto ambao udongo wa kawaida ungepasukia.

Halafu mivukuto. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, na makaa yanayojiwakia yenyewe hayafiki huko kwa urahisi. Inatakiwa pumzi ya kusukumwa, bila kukatika, mkono mmoja ukishuka huku wa pili ukipanda. Mvukutaji akichoka, shaba inaganda nusu njia na makaa ya siku nzima yamepotea. Tena si kuvukuta kwa nguvu tu: hewa ikizidi, makaa yanateketea upesi na ile hewa ya makaa inayolipokonya jiwe oksijeni yake inapungua. Hakukuwa na kipimajoto. Palikuwa na rangi ya moto, mlio wa upepo ndani ya tanuri, na mtu aliyekaa miaka kando ya baba au mjomba akijifunza vyote viwili.

Kilichotoka mara ya kwanza kilikuwa donge chafu lenye mavi ya shaba. Likayeyushwa upya, likasafishwa, kisha likamiminwa kwenye kalibu iliyo wazi ardhini. Hapa ndipo napenda kukaa zaidi. Shaba iliyoyeyuka hunywa hewa, na ikipoa huitapika. Ndiyo asili ya vile vishimo vya mgongoni. Mmiminaji anayechelewa hupata mkono mfupi, shaba imeganda kabla ya kufika nchani. Anayeharakisha humwaga nje ya umbo. Ukiuweka msalaba mzuri mezani, mikono yake minne inakaribiana urefu bila kulingana, na ukiutazama kwa utulivu unaweza kukisia shaba iliingilia mkono upi na ilimalizia wapi.

Mwaka 1926 Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikti aliyeongoza misheni ya Katanga, alichapisha maelezo ya mafundi hawa na kuwaita “wala shaba”. Ni jina zuri: shaba ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Lakini wakati huo tanuri kubwa za kampuni ya Union Minière zilikuwa zimeshawaka, na ufundi huo ulikuwa tayari unasimuliwa zaidi kuliko kufanywa.

Umri wa ufundi huo ni mkubwa. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua makaburi mwaka 1957 na 1958, na mwenzao Pierre de Maret akachimba tena hapo mwaka 1974. Misalaba ilikuwa imelala pamoja na wafu, zaidi ya kilomita 200 kaskazini ya mawe yaliyoizaa. Katika makaburi ya zamani zaidi ni michache na mikubwa. Kati ya karne ya 14 na ya 18 inazidi kuwa midogo, mingi, na ya vipimo vinavyokaribiana. Wataalamu wanaona hapo kitu cha heshima kikigeuka kuwa fedha ya kuhesabu, nami nawaamini, kwa sababu kumimina misalaba midogo inayokaribiana kwenye kalibu ya wazi ni kazi ngumu ambayo hakuna fundi angejisumbua nayo bila mtu wa kudai kipimo. Misalaba ilitolewa pia kwa mahari. Na kusini pia ilikuwepo misalaba ya shaba: huko Ingombe Ilede, karibu na Mto Zambezi, ilipatikana mwaka 1960 katika makaburi yaliyokuwa na dhahabu.

Misalaba ya bandia ipo, na mkono ukizoea haidanganyi sana. Kijani cha asidi kinakuja sare, kama vumbi, na kidole chenye unyevu hukitoa. Kijani cha ardhini kimeshikana na shaba, kina tabaka, kinakaa zaidi mabondeni kuliko kwenye mwinuko. Msalaba ulioshikwashikwa na watu vizazi kadhaa una rangi ya kahawia iliyokolea, na ncha zake zimelainika. Mpya una ncha zinazokwaruza, na mara nyingi mgongo wake ni safi mno: aliyeutengeneza ameona aibu ya mapovu, akayasugua.

Serikali ya Katanga ya Moïse Tshombe, iliyojitenga tarehe 11 Julai 1960, iliweka misalaba mitatu kwenye bendera yake, na mwaka 1961 ikatoa sarafu za falanga 1 na falanga 5 zenye ndizi upande mmoja na msalaba upande mwingine. Mchongaji aliunyoosha, mikono yote sawasawa. Ni sarafu safi, inauzwa kwa wakusanyaji bila shida, na anayeanza naweza kumshauri aanzie hapo. Msalaba wenyewe ni jambo jingine. Muuzaji akisema umetoka ardhini, muulize ardhi ipi, maana huenda ni kaburi la mtu, na sheria ya Kongo ya mwaka 1971 inalinda mali za namna hiyo. Mimi sinunui ya hivyo hata iwe nzuri vipi. Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi inayo misalaba, na mtu anaweza kusimama mbele yake kwa muda anaotaka.